Mafua bwenini: kuhesabu vitanda kabla ya baridi ya Julai

Juni na Julai, kuanzia Makete hadi Mufindi, huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, madirisha ya mabweni hufungwa mapema na wanafunzi hulala wamebanana. Mafua makali yakiingia humo, matroni anahitaji kujua jambo moja: siku itakayokuwa mbaya kuliko zote, wagonjwa watakuwa wangapi kwa mpigo? Hesabu ya kumjibu ipo tangu 1927, kazi ya watafiti wa Uskoti William Kermack na Anderson McKendrick, na inaenea kwenye ukurasa mmoja wa Excel.

Tuchukue mfano wa shule ya wanafunzi 800, wanne wameshaugua, wengine wote hawana kinga. Safu B ni ambao hawajaambukizwa (796), C ni wanaoambukiza (4), D ni waliopona (0). Kila mstari ni siku moja, wa kwanza ukiwa siku ya 0. Maambukizi mapya ni kasi (watu ambao mgonjwa mmoja huambukiza kwa siku, wengine wote wakiwa bado wazima) × B × C ÷ 800: yatoe B, yaingize C. Wanaopona ni C ÷ siku ambazo mgonjwa huambukiza, tuseme 4: watoe C, waingize D. Jumla ya B, C na D lazima ibaki 800 kila mstari. Ikipungua, kuna mahali umetoa ukasahau kuingiza. Kasi iweke F1 na uiandike $F$1 kwenye fomula. Bila hizo alama za dola, ukiburuta fomula inashuka F2, seli tupu, na maambukizi yanakuwa sifuri kuanzia mstari wa pili.

Kasi yenyewe unaipata wapi? Wengi huchukua namba ya ugonjwa mwingine kabisa waliyoisikia mahali. Tafadhali usifanye hivyo, kitabu cha wagonjwa cha shule kinatosha. Wagonjwa wakiongezeka maradufu kila siku tatu, ongezeko ni karibu robo kwa siku. Jumlisha na robo ya wanaopona (1 ÷ 4), unapata 0.5. Tumia siku za mwanzo tu, kwa sababu baadaye wa kuambukizwa wamepungua na mwendo unapoa wenyewe. Wapo wanaoficha homa wasikose mtihani. Wakijificha kwa kiwango kilekile kila siku, kasi haiharibiki. Kinachoharibika ni ile 4 ya kuanzia, na kilele kitafika mapema kuliko jedwali linavyoonyesha.

Buruta sasa. Kilele ni siku ya 22, wagonjwa 133 kwa wakati mmoja. Kisha badilisha 0.5 iwe 0.375, yaani punguza robo tu, tuseme kwa hatua kama hizi: madirisha yafunguliwe mchana, vitanda vipishane kichwa na miguu, anayekohoa ahamishwe siku ileile. Kilele kinashuka hadi kama 55. Kupunguza robo ya kasi kunaondoa zaidi ya nusu ya mzigo wa siku ya kilele, na hiyo ndiyo sababu kila shule ya bweni huku kwenye baridi inastahili jedwali hili. Jumla ya watakaougua haishuki kwa kiasi hicho: kutoka takribani wanne kati ya watano hadi kama sita kati ya kumi.

Udhaifu mkubwa ni kudhani wote 800 wanachanganyika sawasawa. Hawachanganyiki. Bweni likiwa na wagonjwa wengi kuliko mengine, lipe jedwali lake, weka idadi ya waliolala humo badala ya 800, na linganisha C na kitabu kila asubuhi.