Nyumba ya Lamu: pesa zinakokwenda baada ya kununua

Mimi na dada yangu tuliponunua nyumba ya mawe katika mji wa kale wa Lamu, ya kwenda kupumzikia, tuligawa akiba yetu mafungu mawili yaliyolingana: moja la kununulia, jingine halikuguswa hadi hati ilipotoka. Bei ya dalali huwa ni mlango tu. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, bado wakili na mthamini. Kisha kibali, kwa sababu mji huo ni urithi wa dunia tangu 2001 na hutoboi dirisha unavyotaka.

Lakini kinachokausha mfuko ni uchukuzi. Lori linaishia Mokowe, ng'ambo ya pili. Mchanga, mbao, vigae, hata sinki, vyote vinapakiwa mashuani, vinateremshwa gatini, halafu punda anavipeleka vichochoroni. Kila hatua ina wapagazi wake na bei yake. Kifusi nacho hutoka kwa punda, na sijaona makadirio ya fundi yaliyokitaja! Nilipatana na mwenye punda kwa kazi nzima, si kwa safari, na vifaa nikavilimbika mpaka vikajaza mashua.

Kuhusu kuta, niliyekuwa namsikiliza ni fundi mzee wa hapo hapo mtaani. Nilipomuuliza kama saruji haitakuwa rahisi, alicheka. "Mwanangu, jiwe la matumbawe lataka kupumua. Ulizibe kwa saruji, unyevu na chumvi vitapita wapi?" Tukapiga lipu ya chokaa. Inakauka taratibu, kwa hiyo siku za mafundi zinaongezeka, ndiyo maana nililipa kwa chumba kilichokamilika badala ya kibarua cha kutwa. Boriti za mikoko zilizoliwa na mchwa tulibadilisha zile mbovu tu. Makuti ya juu ya dari tuliyaezeka wakati wa kaskazi, kabla masika haijaanza. Mvua ikishaingia na kusi ikachafua bahari, mzigo unalala Mokowe nawe unaendelea kulisha mafundi.

Wanaosema nyumba itajilipa yenyewe kwa wageni, nawaachia hesabu zao. Yetu hupata wapangaji Desemba, Agosti, na wakati wa Maulidi, tukiwa hatuendi sisi. Zile pesa zinatosha mshahara wa mlinzi na kodi ya kaunti. Hazifiki kwenye makuti, ambayo yatachoka tena baada ya miaka michache, wala chokaa ya kupaka upya kuta zilizopigwa na mvua. Kwa hayo mimi na dada tunaweka kiasi kila mwezi, kwenye akaunti inayohitaji saini zetu sote wawili. Zamu inayofuata ni tangi la maji. Dada anataka la plastiki, mimi nataka kisima cha zamani kichimbuliwe kwanza, na hilo bado tunalibishania.