Nilivyoutenga mdahalo na ubishi wa kawaida

Kilichonifungulia mdahalo ni swali moja: katika mazungumzo haya, nani anatakiwa ashawishike? Kwenye ubishi ni yule ninayebishana naye, na ushindi ni yeye kukubali. Kwenye mdahalo mpinzani hakubali kamwe, wala hatarajiwi kukubali, kwa kuwa amepewa upande na kazi yake ni kuushikilia mpaka kengele ya mwisho. Anayeamua ni mtu wa tatu, yaani mwamuzi au hadhira, aliyekaa kimya akiandika. Tangu hapo nikizungumza huwatazama waamuzi, si mpinzani, na naeleza hata yale ambayo mimi na mpinzani wangu tunayajua vizuri, maana mwamuzi hatakiwi kunijazia mapengo.

Pande mara nyingi hugawanywa kwa bahati nasibu. Wapo wanaoona huo ni unafiki, kutetea usichokiamini. Mimi naona ndiyo nafuu yenyewe: hoja ikivunjwa, imevunjwa hoja, si heshima ya mtu. Kwenye ubishi hayo mawili yameshikana, ndiyo maana sauti hupanda.

Mada nayo hufungwa kwa sentensi moja inayopingika. Tuseme: "Mazoezi ya nyumbani yafutwe katika shule za msingi." Msemaji wa kwanza wa watetezi, yaani upande unaoiunga mkono mada, hueleza maana yake: mazoezi gani, kwa darasa lipi, nani atayafuta, na nafasi yake itachukuliwa na nini. Wengi huharibu hapa kwa ujanja. Mtetezi akisema mazoezi ya nyumbani maana yake ni kazi anayopewa mtoto kama adhabu, amemnyang'anya mpinzani uwanja wa kusimama, na mwamuzi makini atamkata alama. Tafsiri nzuri ni ile ambayo mtu wa kawaida angeielewa mada hivyo hivyo akiisikia mara ya kwanza.

Katika mfumo uitwao wa Bunge la Uingereza, unaotumika sana vyuoni, kuna timu nne za watu wawili wawili, mbili kila upande. Mada hutangazwa dakika 15 kabla, na kila mmoja huzungumza kwa dakika 7. Dakika hizo 15 huisha haraka. Mbili tatu za mwanzo naandika peke yangu bila kuongea na mwenzangu, la sivyo wote tunafuata wazo lililotamkwa kwanza hata kama ni bovu. Kisha tunachagua hoja mbili, tatu zikizidi sana. Hoja tano ndani ya dakika 7 ni madai matano yasiyo na miguu, kwa sababu kila hoja inahitaji dai, sababu ya kuliamini, mfano au ushahidi, na maelezo ya kwa nini jambo hilo lina uzito katika mada hii. Kipande cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi.

Wakati wengine wanazungumza, silaha yangu ni karatasi. Nailaza, naigawa safu kwa kila msemaji, na naandika kila hoja kwa maneno manne au matano. Jibu langu linakaa kwenye safu inayofuata, likiunganishwa kwa mshale. Hoja isiyo na mshale haijajibiwa, na mbele ya mwamuzi hoja isiyojibiwa imesimama, hata ikiwa dhaifu. Naziba kwanza yale mapengo mazito, kisha ndiyo naanza kupamba.

Kujibu kwenyewe kuna mpangilio. Narudia alichosema mpinzani bila kukipotosha, naonyesha kinapovunjikia, halafu nasema kimebaki nini. Hoja huvunjika mahali patatu: si kweli, au ni kweli lakini haifikishi pale anapotaka, au inafika, ila uzito wake ni mdogo kuliko wa hoja yetu. Mpinzani akidai mazoezi ya nyumbani humfundisha mtoto kujitegemea, najibu kwamba mtoto mwenye mzazi wa kumsaidia hajitegemei, na asiye naye mara nyingi hunakili kwa mwenzake kabla ya kipindi. Naongeza: hata tukikubali kwamba wachache wanajifunza kujitegemea, wanaweza kujifunza hayo darasani, kwenye saa ya kazi binafsi chini ya jicho la mwalimu. Ile "hata tukikubali" ina thamani kubwa, kwani mwamuzi asipoliamini jibu langu la kwanza bado ana la pili.

Kukatizana kupo, ila kwa utaratibu. Dakika ya kwanza na ya mwisho ya hotuba zinalindwa. Katikati, mpinzani husimama kuomba kutoa taarifa, yaani swali au pingamizi fupi, na msemaji anaweza kumkatalia. Akimkubalia, mpinzani ana takriban sekunde 15. Mimi hupokea moja au mbili, baada tu ya kumaliza hoja, kamwe si katikati ya sentensi. Anayekataa zote huonekana anaogopa.

Usawa wa muda una historia ndefu. Abraham Lincoln na Stephen Douglas, waliokuwa wakigombea kiti cha Seneti ya Marekani, walipokutana kwa midahalo mara saba katika jimbo la Illinois mwaka 1858, aliyeanza alipewa saa moja, wa pili saa moja na nusu, kisha wa kwanza akarudi kwa nusu saa. Kila mmoja alipata dakika 90.

Mwishoni ndipo wengi wanapopoteza: msemaji wa kufunga analeta hoja mpya. Haihesabiwi, kwa kuwa upande wa pili hauna nafasi ya kuijibu. Kazi yake ni kutaja pointi mbili au tatu zilizobishaniwa kweli na kuonyesha nani alishinda kila moja.

Mbinu hizi sizipeleki zote kwenye ubishi wa mezani, maana hapo hakuna mwamuzi wala kengele, na mtu ukimjibu kwa mpangilio huo ataona unamwendesha mahakamani. Nabeba mbili tu. Kwanza nauliza, "Tunabishania nini hasa?", na mara nyingi tunagundua kila mtu ana mada yake. Pili nauliza ni kitu gani kikionyeshwa kingembadilisha mawazo. Akisema hakipo, nahamisha mazungumzo.