Glasi ya Tano

Aliyefunga chupa za waini kwa magazeti ni jirani, maana ndiye pekee aliyekiri mapema kwamba hajali. Waini anayoijua yeye ni ile tamu ya pakiti, na hata hiyo huiongezea soda. Binamu yangu, binti wa mama mdogo, alikuwa amerudi Kisumu kutoka Cape, Afrika Kusini, alikofanya kazi ya hoteli hadi akafunzwa kuhudumia waini, na jioni hiyo alitaka tuonje nyekundu kavu za aina nne: Pinotage, Merlot, Cabernet Sauvignon na Shiraz. Ipi imo kwenye gazeti lipi, hata yeye hakutaka kuambiwa.

Mjomba alikuja kwa ajili ya samaki. Alistaafu kutoka kiwanda cha chai upande wa Kericho, ambako kazi yake ilikuwa kuonja, na pombe hakuwa na habari nayo sana. Alipoona chupa zimelazwa kwenye beseni la barafu akatikisa kichwa.

"Binti yangu, nyekundu haiwekwi baridi. Hata mimi hilo nimelisikia."

"Mjomba, waliosema inywewe ikiwa na joto la chumba ni watu wa Ulaya, na chumba chao ni nyuzi 16, labda 18. Hapa kwetu je?"

Mjomba akajipangusa jasho, akanyamaza. Milimani kuna miti, lakini saa kumi na moja jioni veranda ile ilikuwa bado inachoma. Waini ikipata joto la namna hiyo, kileo ndicho hutangulia kupanda puani na kufunika harufu nyingine zote.

Tukaanza. Binamu alizungusha glasi, akanusa, akazungusha tena, akasema anapata plamu, moshi, na ngozi kwa mbali. Mimi nilinusa nikapata waini. Nikanusa tena kwa bidii zaidi, macho nimeyafumba, nikapata waini. Ya pili niliiona nyepesi kidogo. Ya tatu ilinikaza fizi kama nimetafuna ndizi mbichi. Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema, na nadhani wengi wanaotaja matunda saba kwenye glasi ya kwanza hawana pia, ila wao wana ujasiri.

Mjomba hakutaja tunda hata moja. Aliinua glasi mbele ya sahani nyeupe akaikagua rangi, kisha akaivuta waini kwa mfyonzo wa kelele uliomfanya mama mdogo achungulie kutoka jikoni. Akaisukuma huku na huku mdomoni, akaitema kwenye ndoo akiwa ameketi palepale, bila tone kuanguka nje. Kelele ile si utovu wa adabu: hewa inayoingia pamoja na kinywaji hubeba harufu hadi nyuma ya pua, na huko ndiko sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inakotambuliwa. Waonja waini nao hufanya hivyo, ila kwa aibu zaidi.

"Hii inakaza pembeni mwa ulimi, halafu inakatika," alisema. Ya tatu: "Hii inakaza na haiachi. Kiwandani ningeuliza nani aliisahau kwenye maji."

Binamu akaacha kuandika. Akamweleza kwamba kinachokaza ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwamba hushikana na protini za mate mpaka mate yanapoteza utelezi wake. Mjomba akamjibu kwamba chai nayo inakaza hivyo hivyo, na ndiyo sababu wao walionja kwa kipimo kisichobadilika: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6. Ukizidisha dakika, unaonja uzembe wako, huionji chai.

Jirani sasa alikuwa amechoka na mazungumzo haya. Akamimina glasi ya tano.

Nikauliza ya tano imetoka wapi ilhali chupa ni nne. Akasema tuonje tu. Binamu, ambaye ile ya pili alikwisha kuiita Merlot, laini, ya kunyweka mapema, safari hii alikunja uso na kutamka Cabernet, tena ya Stellenbosch, mji wa waini kulekule Cape. Mjomba akafyonza, akatema.

"Hii ni ile ya pili. Imepata joto kidogo tu."

Jirani alicheka hadi akashika nguzo. Magazeti yalipofunguliwa, ikawa Mjomba amesema kweli: Merlot ile ile, mara mbili. Binamu alinuna kwa dakika moja hivi, kisha akatusimulia mwenyewe juu ya utafiti wa Bordeaux uliochapishwa mwaka 2001: wanafunzi 54 wa elimu ya waini walipewa nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu, nao wakaieleza kwa maneno ya nyekundu. Kwa maoni yangu hakukosea kwa kutojua. Alikuwa anasaka jina, na Mjomba, ambaye hakuwa na jina la kusaka, alisaka tofauti.

Chakula kikaja: ngege wa Dunga aliyekaangwa, na mbuzi choma. Cabernet pamoja na samaki iliniachia ladha ya msumari mdomoni. Binamu akasema watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye waini yenyewe ndiyo huzidisha shombo la samaki mdomoni. Nikahamia kwa mbuzi, na ukali ukashuka.

"Ni maziwa kwenye chai hayo," Mjomba akasema, mkono kwenye ugali. "Tanini imepata protini nyingine ya kushika, imeuacha ulimi wako."

Jirani alikula ngege kwa Merlot iliyotiwa soda, na hakulalamikia msumari wowote.

Siku hizi binamu hufundisha wahudumu wa hoteli, na somo la kwanza hafungui chupa. Huwanywesha strungi bila sukari, ya dakika 3, ya 6, na ya 12, wapange vikombe kwa mkazo wake huku wamefumba macho. Mjomba anasema somo hilo ni lake, na kwamba bado anadai malipo.