Kugonga Dumu

Jumamosi asubuhi binti yangu alinikuta uani nikigonga madumu. Mwenyewe sikuwa nimetambua kwamba nilikuwa nikiyagonga. Nilipita kwenye mstari wa madumu yetu sita kama nipitavyo kila siku kabla ya kuwasha jiko, nikayagonga moja moja kwa kifundo cha kidole cha kati, na nilipofika la mwisho nikasikia sauti nyuma yangu ikiuliza: "Mama, unabisha hodi kwa nani?"

Nilimjibu kwamba ninapima maji. Akataka kujua ni kwa nini nisifungue kifuniko nikachungulia, kama afanyavyo baba yake. Nilisema nina haraka, jambo ambalo halikuwa kweli, kisha nikaingia jikoni nikasahau kwa muda nilichofuata huko.

Madumu yale yamekaa uani kwetu Tabata tangu ule mgao wa maji wa mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua hadi jiji zima likawa linahesabu siku za zamu ya maji na mikokoteni ya wauza maji ikawa inapishana barabarani tangu alfajiri. Mgao ulikwisha, majirani wakarudisha madumu yao stoo, wengine wakayauza. Mimi sikuyatoa. Mume wangu, aliyezaliwa Temeke na ambaye kwake ukame ni pale bomba linapokoroma bila kutoa kitu, huwaambia wageni kwamba ameoa mtu wa Dodoma na madumu yakiwa sehemu ya mahari. Mimi hucheka pamoja nao.

Ilikuwa Februari 2006, nami nilikuwa na miaka 12. Kwetu ni kijiji kimojawapo cha wilaya ambayo siku hizo ikiitwa Dodoma Vijijini, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, takribani nusu ya ile inayoinyeshea Dar es Salaam, na yote huja katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mkulima wa kule hana msimu wa pili wa kusahihishia makosa ya ule wa kwanza. Mwaka ule mvua ilikuja mwishoni mwa Desemba, ikanyesha kwa siku tatu kama iliyotumwa, watu wakapanda uwele na mtama, mimea ikatoka, halafu mbingu ikafunga. Tulipanda tena katikati ya Januari kwa mbegu zilizokuwa zimening'inizwa juu ya moshi wa jiko, nazo zikachomoza na kukauka zikiwa na urefu wa kidole. Baada ya hapo mbegu iliyobaki ilikuwa ndiyo chakula kilichobaki, na kila nyumba ilijua hesabu hiyo bila kuitamka.

Redioni walizungumza kila jioni kuhusu kina cha bwawa la Mtera, kwa kuwa lilikuwa limeshuka na nchi imeingia katika mgao wa umeme. Bibi, ambaye hakuwahi kulala katika nyumba yenye taa ya umeme maishani mwake, alisikiliza taarifa hizo kwa makini sana, akawasikitikia watu wa Dar es Salaam.

Yeye alihesabu miaka kwa njaa. Njaa ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917, hakuiona, lakini mama yake aliiishi na kumsimulia jinsi majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalivyochukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Ile ya mwaka 1974 aliiona mwenyewe akiwa na watoto, wakati watu walipokuwa wamekwisha kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa na chakula kilikuwa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, ambayo watu waliyaita yanga. Mtoto aliyekataa kula ugali wa yanga, alisema Bibi, alikuwa mtoto ambaye bado hajaona njaa. Nilipomuuliza hii ya kwetu itaitwaje, alisema njaa hupewa jina na waliobaki.

Kisima kirefu cha kijiji kilikuwa na pampu, na pampu ilikuwa imeharibika tangu Novemba. Sitaeleza ilikuwa jukumu la nani kuitengeneza, kwa sababu kila aliyeulizwa alimtaja mwingine. Kwa hiyo maji yalibaki mahali ambapo yamekuwa yakibaki siku zote, yaani chini ya mchanga wa korongo. Asiyetoka kwetu huona korongo la kiangazi kama barabara pana nyeupe isiyo na kitu, lakini maji ya msimu uliopita hujificha chini yake, yakiwa yamezuiwa na mwamba au udongo wa mfinyanzi kwa chini, na mchanga wenyewe ukiyakinga jua kwa juu. Katika mwaka mzuri unafukua kwa mikono hadi kwenye kiwiko, unakunywa. Mwaka ule kisima chetu kilikuwa kimepita kimo cha Bibi, tukakizungushia matawi ya mgunga ili kuta zisiporomoke, na ndani yake kulikuwa na vipandio vitatu ambavyo mguu wangu ulivijua gizani.

Maji ya namna hiyo hayachotwi, huviziwa. Unashuka, unakwangua tope, unachuchumaa na kusubiri huku mgongo wako ukigusa ukuta wenye ubaridi. Kwanza mchanga hubadilika rangi, kisha hung'aa, kisha huzama katikati na kufanya kijishimo kisichozidi bakuli, na humo ndimo unapoingiza kata ukiwa umeilaza ili usichote mchanga. Kata moja ilihitaji muda wa kuimba wimbo mzima wa shule na kuanza wa pili. Unamimina kwenye ndoo iliyofunikwa khanga, unarudi kusubiri. Dumu la lita 20 lilitugharimu zaidi ya saa mbili, na ndiyo maana tulikwenda usiku, kwani mchana foleni ilikuwa ndefu na jua lilikunywa nusu ya ulichopata.

Usiku ninaoukumbuka tulikuwa tumejaza madumu mawili tangu magharibi. Mama alikuwa mzazi wa siku nne, na pale nyumbani hapakuwa na maji ya kumkandia wala ya uji. Bibi alimfunga punda madumu yale mawili, akaniachia mawili matupu pamoja na koroboi, na kabla ya kuondoka aliniambia neno moja ambalo nimeligeuza kichwani kwa namna nyingi tangu siku ile: "Haya yatakayotoka ni ya mama yako. Asiyaguse mtu." Akapotea na punda wake. Kwa mbali niliona vimwanga vya koroboi za visima vingine, viwili vitatu, na upande wa vilimani fisi alilia mara moja akanyamaza.

Dumu la kwanza lilikuwa limepita nusu kidogo, nami nilikuwa nimepanda juu kunyoosha mgongo, niliposikia hatua juu ya mchanga. Mchanga mkavu wa korongo hulia unapokanyagwa, na hatua zile zilikuwa za mtu anayekwenda polepole.

"Mbukwa, mwanangu," sauti ya mwanamke ilisema.

Niliitikia. Koroboi ilikuwa chini ndani ya kisima, kwa hiyo sikumwona uso. Niliona umbo lake, na kwa namna lilivyovimba mgongoni nilijua amebeba mtoto. Alisema anatoka kitongoji cha ng'ambo, kisima chao kimeporomoka jioni ile, na wenzake wamerudi ila yeye amefuata taa. Hakuomba ndoo. Aliomba kata moja. "Ya huyu tu," alisema, "mimi nitafika."

Kwetu mpita njia hanyimwi maji ya kunywa. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo, kama ambavyo hakuna aliyenifundisha kutopiga miluzi usiku. Lakini Bibi alikuwa amesema asiyaguse mtu, na mama yangu alikuwa amelala kwenye tembe lenye joto akiwa na midomo iliyopasuka. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kusema, mama, nina mzazi nyumbani, na yule mwanamke angeelewa, pengine angenionea huruma. Badala yake nilisema: "Hayajatoka, mama. Tunafukua tu."

Alinyamaza. Kisha, bila kuulizwa, nililigonga dumu.

Mtu yeyote aliyekulia kwenye madumu anajua kwamba dumu husema mambo mawili. Ukiligonga chini ya usawa wa maji hutoa sauti nzito, fupi, kama unagonga tumbo la mtu aliyeshiba. Ukiligonga juu ya maji hulia kama ngoma. Mimi niligonga juu, karibu kabisa na mpini, mara tatu, kwa kifundo cha kidole cha kati, na sauti ile tupu ilikwenda mbali kwenye korongo kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimeuweka mwili wangu kati yake na dumu. Ninakumbuka kwamba nilijiona mwerevu.

Mwanamke alisimama kwa muda ambao hadi leo siwezi kuupima. Mtoto mgongoni alitoa sauti ndogo, si kilio, ni kama mtu anayesafisha koo. Kisha mama yule alimpandisha kwa kumrusha kidogo, akaikaza khanga kifuani, akasema, "Haya, mwanangu. Mungu atajalia," na mchanga ukaanza kulia tena, sasa ukielekea juu ya korongo.

Bibi alirudi kabla ya kupambazuka. Aliyagonga madumu yote mawili, la kwanza likiwa limejaa na la pili robo, akaguna kwa kuridhika. Mwanga ulipoanza kuonyesha vitu, alizunguka upande wa pili wa kisima kumfuata punda, akasimama. Aliuangalia mchanga kwa muda, kisha akainama akagusa kwa ncha ya fimbo yake mahali ambapo kisigino kilikuwa kimezama.

"Huyu alikuwa amebeba," alisema.

Nilisubiri aniulize. Hakuniuliza wakati ule, wala njiani, wala siku nyingine yoyote katika miaka tisa aliyoishi baada ya hapo. Wala sikuwahi kujua kama neno lile lilikuwa la kunilaumu, au la kujilaumu, au lilikuwa tu la mwanamke anayejua kusoma mchanga.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Baba aliuza ng'ombe wawili waliobaki kwa bei ambayo hakututajia. Tulikula ubuyu, tulikula mlenda uliokaushwa tangu msimu wa nyuma hadi nikauchukia, nami siku hizi nauagiza kutoka Dodoma kwa basi na kulalamika ukichelewa. Mvua ilirudi Machi, ikaokoa majani ya mifugo kuliko mazao. Mama alipona, na yule mdogo wangu wa siku nne sasa anaendesha bodaboda Mbezi na amenizidi kimo.

Lakini kabla ya mvua, mahindi ya bei nafuu kutoka ghala la serikali yaliletwa kijijini kwa lori, na watu wa vitongoji vyote tukapangwa katika mstari mmoja chini ya mbuyu, kila nyumba na gunia lake. Nilikuwa nimemshikia Bibi nafasi. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwa watu watatu hivi aligeuka, akaniangalia, akasema, "Mbukwa, mwanangu."

Uso wake sikuwa nimewahi kuuona. Alikuwa wa kawaida, mwembamba, kijana kuliko nilivyodhani. Mgongoni alikuwa na mtoto aliyelala, kichwa kimefunikwa, nami nilijaribu kumkisia umri nikashindwa, kwa sababu watoto wa mwaka ule wote walionekana wadogo kuliko umri wao. Huenda alikuwa yuleyule. Huenda kwenye nyumba ile walikuwapo wawili.

"Maji yalitoka baadaye?" aliniuliza.

Aliuliza kwa upole, kama anayeulizia hali ya mgonjwa. Nimeitafuta kejeli ndani ya sauti ile kwa karibu miaka 20 na sijaipata, na kuna siku natamani ningeipata.

"Yalitoka," nilisema.

"Afadhali," alisema, akageuka kuangalia mbele.

Jumamosi binti yangu hakuridhika na habari ya haraka. Alinifuata jikoni, akanivuta kwa mkono hadi uani, akataka nimwonyeshe namna dumu linavyopimwa. Nilimkunjia kidole chake nikamwonyesha kifundo. Aligonga la kwanza karibu na mpini, likalia.

"Halina kitu," alisema.

Nilimwambia ashuke chini kidogo, agonge tena. Aligonga. Akaniangalia, akagonga juu, akagonga chini, juu, chini, uso ukifunguka jinsi unavyofunguka mtoto anapogundua mahali watu wazima wanapoficha sukari. Kisha akaniomba nisiseme lolote, akakimbia ndani kumwita baba yake aje aligonge pale juu.