Yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu alibatizwa lini?

Huku Mbeya Wamoravian wapo Rungwe tangu 1891 na walokole nao wamejaa, so ukipanda kosta ya Tukuyu mjadala wa ubatizo haukosi. Mi naona Efeso 2:8-9 imemaliza, tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, sio matendo, sasa mtu akikwambia hujaokoka eti kisa ulinyunyiziwa maji utotoni hukuzamishwa, huyo kageuza ubatizo kuwa tiketi. Ila na nyie mnaokwepa ubatizo mkijifichia kwa yule mwizi aliyeahidiwa peponi bila kubatizwa acheni ujanja jamani, yeye alikuwa msalabani angeshukaje? Wewe mto Kiwira unapita hapo nyuma ya nyumba. Towashi wa Matendo 8 aliyaona tu maji njiani akasimamisha gari abatizwe, wewe unasubiri baridi ya Julai iishe.