Peugeot 404 ya baba ilivyokuwa ikizima ikipata moto

Asubuhi natoka Chumbageni, hapa Tanga, gari likiwa halina neno. Nikikaribia Pongwe, jua limeshapanda, linashtuka mara mbili tatu kisha kimya. Naliegesha chini ya mwembe, nasubiri nusu saa, nawasha, linawaka mara moja. Niliishi hivyo miezi mitatu.

Ni Peugeot 404 ya mwaka 1968, kaiacha marehemu baba. Baba alikuwa shabiki mkubwa wa mbio za magari za Safari. Hakuchoka kusimulia jinsi Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alivyoshinda na mwenzake Chris Rothwell mwaka 1966, wakarudia 1967, mara zote wakiwa na 404. Kuliuza lilikuwa jambo nisiloweza hata kulifikiria.

Fundi wa kwanza alisema koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa betri uwe cheche ya plagi, imekufa, kwa kuwa koili ikichoka huwa inagoma ikipata moto. Maneno yake yalikuwa na msingi. Nikanunua mpya, akaifunga. Siku mbili nzuri, ya tatu gari likaanza kumisi, yaani injini kurukaruka midundo, hata likiwa baridi, na likipanda mlima linakosa nguvu kabisa. Nikabadilisha plagi zote nne. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mfuko.

Ndipo nikaenda Ngamiani kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, linakata ghafla au linafifia kidogo kidogo?"

Nikamwambia linakata ghafla, kama mtu kazima swichi.

"Basi mafuta yaache. Likizima tena, usingoje lipoe. Fungua boneti papo hapo."

Hilo ndilo nililokuwa nikilikosea siku zote. Nilikuwa nasubiri lipoe halafu naanza kutafuta ugonjwa, wakati ugonjwa umeshaondoka na joto lake.

Jumamosi nikaenda na mdogo wangu mpaka likazima. Kwanza nikatoa kifuniko cha chujio la hewa, nikavuta waya wa kanyagio la mafuta kwa mkono: petroli ikaruka ndani ya kabureta. Mafuta yapo. Nikachomoa waya mnene wa koili kwenye kifuniko cha distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, nikaushika kwa koleo yenye mpira, ncha yake ikiwa kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini. Mdogo wangu akapiga stata. Cheche ilikuwa nyembamba, nyekundu, inatoka mara moja moja. Cheche nzima huwa ya buluu na unaisikia inavyopasuka.

Nikafungua kifuniko cha distribyuta, akapiga stata tena. Kila platini, vile vipande viwili vinavyofunga na kukata umeme wa koili, zilipoachana, kimwali cha buluu kiliruka katikati yake. Pale hapatakiwi moto. Platini zikiachana, umeme unatakiwa ukatike ghafla, na kondensa ndiyo inayoupokea ule unaotaka kuruka. Kondensa ikifa, umeme unaungua kwenye platini badala ya koili kutoa cheche kali. Nilipozitoa nikaziangalia kwenye mwanga: upande mmoja shimo jeusi dogo, upande wa pili kijilima kilichosimama sawia na lile shimo.

Kondensa hiyo ilikuwa na miaka isiyojulikana. Baridi inafanya kazi, moto inakataa. Koili ya baba haikuwa na kosa lolote.

Lakini ile misi ya baridi ilitoka wapi? Nikazipima koili zote mbili kwa mita ya umeme, kati ya vichwa viwili vidogo. Ya zamani omu 3 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme). Mpya omu 1.5. Nikarudi kwa babu na hizo namba, akatikisa kichwa. Koili ya omu 1.5 hutengenezwa kwa magari yenye rezista, kifaa cha kupunguza umeme, kwenye njia ya umeme, na 404 yangu haina. Kwa betri ya volti 12, ya zamani inapitisha ampea 4. Mpya inapitisha 8. Platini zilizokwisha kuumizwa na kondensa mbovu zikabebeshwa mzigo mara mbili. Ukinunua koili ya gari la zamani, nenda na mita dukani. Umbo na rangi havikwambii kitu.

Nikarudisha koili ya baba, nikafunga platini mpya na kondensa mpya. Mahali kondensa inapokaa nilipasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, maana chumvi ya bahari ya Tanga hula kila kiungo, na kondensa hupata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari, kupitia mwili wake. Kutega platini tulifanya kwa gia ya nne, mdogo wangu akisukuma gari taratibu mpaka kamu, ile nundu inayozunguka ndani ya distribyuta, ikazifungua hadi mwisho, nikaingiza fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.4: ipite ikigusa, isibane. Kisha nikatega taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, upya, kwa sababu ukigusa nafasi ya platini, taimingi nayo inahama.

Jumapili saa saba mchana, jua la utosi, nikaenda Muheza bila kusimama. Nikazima gari sokoni, nikanunua machungwa kapu moja, nikarudi injini ikiwa bado moto kiasi cha kuunguza mkono. Nikagusa ufunguo, likawaka kabla sijauachia vizuri.

Kondensa ya akiba iko kwenye dashibodi, imefungwa kwenye gazeti. Koili ya omu 1.5 nimempa babu.