Fremu ya Mwaka 1984, Magoti ya Miaka 51

Ekseli ya nyuma ya baiskeli yangu ilinikatikia mlimani. Haikupiga kelele nyingi: ka! kama kijiti kikavu, kisha gurudumu likaanza kuyumba na tairi likawa linalamba fremu kila mzunguko. Nilikuwa na mabegi manne, nimesimama juu ya pedali tangu mlima unaanza, nikiwa kwenye gia nyepesi kuliko zote nilizokuwa nazo. Nyepesi kwa jina. Nikashuka, nikachungulia, nikakuta vipande viwili vya ekseli vimeshikiliwa na ule ufito mwembamba wa kufungia gurudumu unaopita katikati yake. Nikakaa kwenye majani kando ya barabara. Nilikaa muda mrefu, na sitaisingizia ekseli. Ni magoti yaliyokuwa yanadai.

Baiskeli yenyewe ni ya mwaka 1984, ya safari ndefu, fremu ya mabomba ya chuma cha Reynolds 531, rangi ya kijani iliyopauka hadi huwezi kujua ilianzia wapi. Mbele ilikuwa na chenwili mbili, yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na pedali, meno 52 na 40. Nyuma friwili, lile fungu la gia linalozunguka bure usipopiga pedali, ya gia sita, kuanzia meno 14 hadi 28. Miaka yote hiyo sikuwahi kuzipigia hesabu, hadi jioni ile niliporudi nyumbani kwenye pikapu ya msamaria. Chukua 40, gawanya kwa 28, zidisha kwa mzunguko wa gurudumu, mita 2.17: kila duara moja la pedali linaisukuma baiskeli mita 3.1. Nikitaka kuzungusha mara 60 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa chini kabisa magoti yangu yanaovumilia, inabidi niwe nakwenda kilomita 11 kwa saa. Mlima mkali, mabegi manne, mtu wa miaka 51, kilomita 11 kwa saa! Basi nilikuwa nazungusha mara 30, kila pedali naisukuma kama mtu anayehamisha kabati.

Nilishauriwa ninunue mpya. Sikulikalia sana wazo hilo. Fremu hii ni ndefu kwa nyuma, visigino vyangu havigusi mabegi, na kwenye changarawe inanesa kidogo, inaumeza mtikisiko kabla haujafika mgongoni. Fremu haikuwa na kosa lolote. Kilichopitwa na wakati ni hesabu ya gia, ambayo ilipangwa kwa miguu ya kijana asiye na mzigo, na kijana huyo mimi namkumbuka tu.

Ekseli nayo haikukatika kwa bahati mbaya. Friwili inaskrubiwa juu ya habu, kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gololi za upande wa kulia zinabaki ndani kabisa, chini ya gia, na kipande cha ekseli kati ya gololi hizo na fremu kinabeba mzigo bila kitu cha kukisaidia. Kadiri gia zinavyoongezwa ndivyo kipande hicho kinavyorefuka. Habu ya kaseti iliondoa tatizo hilo: sehemu inayozunguka bure imeunganishwa na habu yenyewe, gololi zimesogezwa nje karibu na fremu, gia unazivisha tu na kuzifunga kwa nati moja. Shimano walikuwa wanauza habu za namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, maana yake baiskeli yangu ilitoka kiwandani tayari imepitwa. Sikujua nicheke au ninune.

Habu niliyoichagua ilihitaji nafasi ya milimita 130 kati ya masikio ya fremu, zile ncha mbili za nyuma zinazoshika gurudumu. Fremu yangu, kama nyingi za wakati wake, ilikuwa na 126.

Milimita nne si nyingi. Ukitaka, unaweza kuyatanua masikio ya fremu kwa mikono kila unapovisha gurudumu, na wapo wanaoishi hivyo. Mimi nilitaka fremu ikubali moja kwa moja. Chuma unaweza kukitanua kikabaki ulipokiacha. Alumini na kaboni usithubutu. Nikachukua fimbo ndefu yenye nyuzi, nati mbili na washa mbili pana, nikaipachika kati ya masikio, nikawa nazungusha nati zisukume pande zote mbili nje. Nikafika 140, nikalegeza: yakarudi 126, kana kwamba hakuna aliyeyagusa. Nikaenda 150. Yakarudi 127. Hapo unaanza kuogopa, maana unaona kwa macho yako fremu imepanuka kama mtu aliyekaa vibaya, na bado haitaki. Karibu na 160 nati ikawa laini ghafla mkononi. Nikaiacha. Nikalegeza, nikapima: 130 na nusu.

Nikashangilia mapema. Binti yangu ndiye aliyenishikia uzi. Unaufunga kwenye sikio moja, unaupeleka mbele, unauzungusha kwenye bomba la usukani, unaurudisha hadi sikio la pili, halafu unapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kila upande. Fremu iliyonyooka inakupa namba moja pande zote mbili.

"Huku 29," akasema. "Huku 31."

"Pima tena."

"Baba, nimepima mara tatu. Wewe ndiye unayelegeza uzi."

Sikuwa nalegeza uzi. Milimita mbili pale kwenye bomba la kiti, ukizifuata hadi nyuma, ni karibu milimita zote nne. Upande mmoja ulikuwa umepinda, mwingine haukusogea. Fimbo yenye nyuzi inasukuma kote sawa, lakini upande ulio dhaifu ndio unaokubali kwanza. Hilo nilipaswa kulijua kabla. Tukalaza fremu chini, nikaegemeza ubao kwenye bomba la kiti, nikawa nausukuma upande mmoja ndani, mwingine nje, kidogo kidogo, uzi, ubao, uzi, ubao. Tulimaliza giza limeingia. 30 na 30. Binti aliandika namba hizo kwa kalamu kwenye kiganja chake, akaenda kumwonyesha mama yake.

Masikio yakishatanuka hayatazamani tena sawasawa, na la kulia ndilo linalobeba direla, ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo. Kwenye gia sita za zamani ungeweza kupuuza. Kwenye kaseti ya gia tisa, kutoka gia moja hadi ya jirani ni milimita 4.35 tu, na sikio lililopinda kidogo linatosha kukufanya ubonyeze gia ya nne upewe ya tano. Kazi hiyo nilimwachia fundi mmoja mtu mzima mwenye kifaa chake. Dakika kumi, amemaliza.

Fundi huyohuyo aliniokoa kwenye ekseli ya kati, ile inayounganisha mikono ya pedali, ingawa gharama yake ilikuwa heshima yangu. Nilitaka kutoa kikombe cha kulia, kinachoishikilia ekseli hiyo ndani ya fremu, ili niweke ile ya kisasa iliyofungwa, yenye beringi zake ndani. Kilikuwa kimekaa humo tangu 1984. Nikamwagia mafuta, nikasubiri, nikapachika spana, nikavisha bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, nikaning'inia. Kwa saa mbili nzima. Nikampigia simu.

"Unazungushia upande gani?" akauliza.

"Upande wa kufungulia, kaka."

"Na ni kikombe cha upande wa mnyororo?"

"Ndiyo."

Kimya. Kisha nikamsikia anacheka, simu ikiwa mbali na mdomo. "Mdogo wangu, saa zote hizo unakikaza."

Nyuzi za upande ule zimegeuzwa makusudi, ili mzunguko wa pedali usikifungue kikombe taratibu barabarani. Ukitaka kukitoa unazungusha kama unayefunga. Nimesoma jambo hilo labda mara kumi maishani mwangu. Kutoka kilitoka, lakini baada ya siku mbili zaidi za mafuta, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa amekikaza vizuri sana.

Watu wameniuliza kwa nini gia tisa na siyo kumi na mbili. Nina sababu moja na inanitosha: kwenye gia tisa za Shimano, vidude vya baiskeli za barabarani na vya baiskeli za milimani vinasikilizana. Swichi ya kubadilishia gia inavuta waya kipimo kilekile, direla inasogea kipimo kilekile. Kwa hiyo niliweza kuweka swichi kwenye ncha za hendo iliyopinda, direla ya milimani yenye mkono mrefu nyuma, na kaseti ya meno 11 hadi 34. Zilipofika kumi, direla za milimani zikabadilishiwa kipimo na undugu ukavunjika. Mbele nimeweka chenwili tatu, 48, 36 na 26. Direla inatakiwa iweze kumeza ulegevu wa mnyororo wa meno 22 ya mbele (48 toa 26) jumlisha 23 ya nyuma (34 toa 11), yaani 45, na hiyo yangu mwisho wake ni 45. Imebana kama kiatu kipya, lakini imetosha.

Gurudumu jipya ni dogo kidogo kuliko lile la inchi 27, milimita 622 badala ya 630 kwenye rimu, kwa hiyo ilibidi mipira ya breki ishuke milimita nne. Ilishuka. Siongezi neno.

Sasa hesabu: 26 gawanya kwa 34, mara mita 2.15, unapata mita 1.64 kwa kila duara. Mara 60 kwa dakika, kilomita 5.9 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayewahi miadi kwa miguu. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, alisema mwaka 1902 kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45, na kwenye mashindano yake direla hazikuruhusiwa hadi 1937. Mimi nimeivuka hiyo 45 kwa miaka sita, kwa hiyo kibali chake ninacho.

Wiki iliyopita niliurudia mlima uleule, mabegi yaleyale manne. Chenwili ya 26 mbele, nyuma nikashuka taratibu, 23, 26, 30, kila swichi ikilia tik chini ya kidole kidogo. Nilikaa kitini muda wote. Nilikuwa nazungusha mara sitini na kitu, nikipumua kwa pua, nikisikia hata ndege. Karibu na yale majani nilikokaa siku ile ya ekseli, kitu kikaanza kulia chini ya mguu wa kushoto, kwi, kwi, kila duara. Nikashuka. Mkono wa pedali ulikuwa umelegea. Ukivishwa kwenye ekseli mpya ya pembe nne lazima ukazwe tena baada ya safari za mwanzo, na mimi nilikuwa sijaukaza. Nikatoa spana ya L ya milimita 8, nikakaza robo mzunguko. Nikatazama nyuma kwenye kaseti. Gia nane zilikuwa zimeshachafuka kwa mafuta meusi. Ile kubwa ya 34 ilikuwa bado inang'aa.